Shikamoo ya Kijiweni

Jumatatu, 3 Juni
Tumewasha mashine leo. Magunia ya kwanza ya alizeti yametoka Mlali, kwetu nyumbani, nikayanusa kabla ya kuyabeba. Bosi Shaaban anasema mbegu za mwaka huu zimekauka vizuri, zitatoa mafuta. Upepo umevuma tangu asubuhi. Vumbi mpaka kwenye meno.
Luka hakuja kula. Ugali wake nimeufunika.

Jumatano, 5 Juni
Upepo.

Ijumaa, 7 Juni
Mama kapiga simu kutoka Mlali. Hakuuliza habari zangu na mimi sikukasirika, najua kinachomkosesha usingizi. Watoto wake wa kiume ni mimi na Luka, na Luka ndo mdogo. Alimleta kwangu hapa Kizota mwaka jana ajifunze kuchomelea mageti. Gereji ikafungwa, fundi akahama, lakini vijana wake wamebaki palepale mbele ya gereji wanakaa. Ndo kijiwe chao. Mchana wanacheza karata, jioni simu za watu zinapotea. Mwezi wa nne mama mmoja alikatwa panga mkononi kwa ajili ya pochi.
Halafu mwezi uliopita wananchi wakamkamata Brighton, kijana wa kijiwe hichohicho. Mtu alipiga kelele ya mwizi, basi. Hakukutwa na simu wala pochi. Wakamchoma kwa tairi karibu na reli. Mimi nilikuwa nimeenda Mlali kuvuna. Niliporudi nikakuta doa jeusi tu barabarani, watu wanalizunguka kama dimbwi.
Mama alisema, "Damas mwanangu, nisije nikaletewa Luka kwenye blanketi."
Nikasema sawa mama. Maneno kwangu hayatoki. Shule niliachia darasa la tano kwa sababu mwalimu alikuwa ananisimamisha nisome kwa sauti. Kuandika hakuna anayenisikia, ndo maana naandika.

Jumapili, 9 Juni
Mkutano wa mtaa. Nilisimama nyuma kwenye ukuta.
Mwenyekiti alisema ulinzi shirikishi urudi, vijana wenye nguvu wapewe filimbi na marungu. Bosi Shaaban akasema yeye atatoa marungu. Watu wakapiga makofi. Mimi nikawa nafikiria hayo marungu yatamkuta nani kwanza.
Akasimama mama Swaumu, mjumbe wetu, yule Mrangi wa Kondoa anayeuza vitumbua. Nilikuwa namwona ni mama wa umbea tu, anajua nani kalala wapi. Leo hakuwa na haraka. Akauliza nani hapa bado anapita njia ya gereji. Hakuna aliyenyoosha mkono. Ni kweli, watu wote siku hizi wanazunguka kwa huku relini, ni mbali lakini wanazunguka. Akasema Brighton alikuwa anamwamkia kila asubuhi, tangu akiwa na kaptula ya shule. "Tulipoacha kupita, tukaacha kuamkiwa. Mtoto asiyemwamkia mtu mzima hata mmoja kutwa nzima, huyo anaishi na nani?"
Anachotaka ni hiki. Kila jioni, jua likiwepo, mtu mzima mmoja au wawili wapite pale. Wasihubiri, wasiulize mambo ya simu. Wasubiri shikamoo, waitikie, waende zao. Na lile neno la mwizi lisitamkwe pale hata kwa utani, kwa sababu ndo lililomuua Brighton.
Watu wakacheka sana. Mmoja akasema Warangi wamezidi kupenda kuamkiwa. Mwingine akasema, "Usiwape Wagogo kazi hiyo, mama. Mgogo akianza kusalimia, anauliza mpaka habari ya mbuzi, giza linaingia." Hata mimi Mgogo nilicheka.
Lakini wakakubali kujaribu. Nadhani ni kwa sababu marungu yanahitaji mtu wa kukesha, na shikamoo haihitaji.
Kutoka pale mama Swaumu akanishika mkono. Akasema wewe si kaka yake Luka, unawajua majina wote. Kesho unanisindikiza.

Jumatatu, 10 Juni
Nimemsindikiza.
Walikuwa wamekaa juu ya fremu ya gari bovu. Luka aliponiona akageuza uso. Mama Swaumu akafika mbele yao, beseni la vitumbua kichwani, akasimama. Hakusema neno. Wao wakaendelea na karata. Upepo unampiga, kanga inapepea, yeye kasimama tu kama anasubiri gari. Mimi niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.
Mwishoni Mudrick, ndo mkubwa wao, na yeye asili yake Kondoa, akasema kwa pembeni ya mdomo, "Kamoo."
"Sijasikia, Mudrick. Upepo."
"Shikamoo, mama."
"Marahaba, baba. Bibi yako kule Haubi hajambo?"
Wenzake wakamcheka, akainamisha kichwa. Wengine wakaamkia kwa kukejeli, wameburuza neno mpaka mwisho. Akawaitikia kila mmoja kwa jina lake, mimi namtajia kwa chini. Luka hakuamkia. Mama Swaumu hakumlazimisha. Tukaondoka.
Njiani nikamuuliza kama hiyo ndo yote. Akasema ndo yote.

Jumanne, 11 Juni
Alipita mama Salma, wa genge la nyanya. Hakuna aliyemwamkia. Alirudi analia kwa hasira.

Jumatatu, 17 Juni
Idi. Mashine imezimwa. Mama Swaumu kapeleka pilau kijiweni. Akawaambia asiyeamkia hali. Mudrick anasema huo ni unyanyasaji. Wamekula.
Nasikia Luka naye ameamkia. Njaa ya pilau imemshinda.

Jumatatu, 24 Juni
Baridi. Mgongo unauma. Mashudu, yale mabaki ya mbegu zilizokamuliwa, yamejaa ghala zima, wafuga nguruwe hawajaja kuyachukua.

Jumanne, 2 Julai
Watu wamezoea. Leo nikiwa nashusha magunia nimewaona wanapita njia ya gereji kama zamani, hata wasio na zamu, maana ndo njia fupi. Mzee Gideoni wa kanisani anapita na baiskeli na anashuka. Baba Joha, fundi viatu, anapita akiwa na haraka lakini anasimama.
Sio kwamba vijana wamekuwa malaika. Jumamosi simu imepotea tena kwa kule sokoni. Lakini hapa mtaani hakuna aliyekatwa.
Luka anarudi kula. Anakula ameangalia sahani. Nikamuuliza kama wazee wanamsumbua. Akasema wanachosha. Akamega tonge, halafu akasema baba Joha anatembea kama mtu mwenye mwiba.

Jumamosi, 6 Julai
Nimechoka. Sina la kuandika.

Jumamosi, 13 Julai
Bosi Shaaban ni mtu mwema kwangu, niandike na hilo. Nilipougua mwaka jana alinipeleka hospitali kwenye pikapu yake mwenyewe. Lakini kuna maneno kwamba siku ya Brighton tairi lilitoka ghalani kwetu. Nilikuwa siamini. Leo nilikuwa napanga ghala nikaona yale matairi mabovu ya pikapu yaliyokuwa yamelala ukutani. Sijui yalikuwa mangapi zamani. Nikatoka nje nikanywa maji.

Alhamisi, 18 Julai
Mama Swaumu amemwomba bosi naye apite. Anasema wanaopita wote ni maskini wenzao, tajiri naye akiamkiwa na kuitikia itawaingia zaidi. Bosi hakutaka. Halafu akakubali.

Ijumaa, 19 Julai
Ningejua ningejifanya mgonjwa.
Nilienda na bosi, jua la jioni, upepo umetulia kidogo. Aliacha pikapu huku, tukatembea. Vijana walipomwona wakasimama, na kusimama kule hakukuwa kwa heshima. Lakini Mudrick akaamkia. Wenzake wakafuata. Luka wa mwisho, sauti ya chini. "Shikamoo, mzee."
Bosi alifurahi kweli, niliona. Alikuwa ameogopa na hofu ilipomtoka akawa mwepesi, akataka kuwachekesha. Kule ghalani anatutania hivyohivyo sisi Wagogo kutwa nzima, na sisi tunamrudishia, hakuna anayenuna. Akacheka, akasema, "Marahaba, wezi wangu. Leo mmeiba wapi?"
Alidhani yuko na watani zake.
Hakuna aliyecheka. Mudrick akakaa chini polepole. Luka ndo aliyejibu. Akasema, "Muulize Brighton."
Bosi akaniangalia mimi, kama nimfasirie. Nilikuwa najua kabisa cha kusema, kwamba muombe radhi sasa hivi, ni neno moja tu, lakini liliishia kooni. Akageuka, akaenda kwenye pikapu anatembea haraka.

Jumamosi, 20 Julai
Asubuhi tumekuta mkanda wa mashine umekatwa. Umekatwa kwa kisu, sio kwa kuchakaa. Bosi aliushika mikononi kwa muda mrefu. Hakupiga kelele, na hilo ndo lililonitisha. Akaniuliza mdogo wangu alilala wapi. Nikasema alilala nyumbani. Ni kweli alilala nyumbani. Alivyorudi ni saa ngapi hakuniuliza.
Mkanda mpya unatoka mjini. Tumekaa bure mpaka jioni, upepo unatupigia makapi.

Jumapili, 21 Julai
Nimemuuliza Luka. Akasema, "Na wewe ulikuwepo. Ulisema nini?"
Akahama kulala, ameenda kwa Mudrick.

Jumamosi, 27 Julai
Watu wameacha kupita. Hakuna mkutano uliokaa kusema tuache, wameacha tu. Wamerudi kuzunguka relini. Mama Swaumu anapita peke yake, anasimama, anaamkiwa na wawili watatu, anaondoka. Amekonda. Nilikuwa namwona ana sauti kubwa, kumbe ni mtu mwenye sauti ndogo anayeilazimisha.
Bosi anasema mbele ya wafanyakazi wote kwamba atakayemkatia mkanda mara ya pili hatafika polisi.

Alhamisi, 8 Agosti
Nanenane. Bosi kapeleka mafuta kwenye maonyesho. Sisi tumeshinda tunajaza madumu. Mama kapiga simu. Nikamwambia Luka hajambo.

Jumatatu, 12 Agosti
Mama Swaumu amesafiri kwenda Kondoa, kafiwa na dada yake. Aliniaga, akaniambia kesho upite wewe. Nikamwambia mimi ni rika lao, mama, nani ataniamkia. Akasema basi upite tu, wakuone.
Sikupita.

Jumatano, 14 Agosti
Nitaandika yote kama yalivyokuwa.
Ilikuwa mchana, tunaosha sakafu ya mashine kwa sabuni, mafuta yalikuwa yamemwagika. Nikasikia lile neno. Linaanzia mbali, kutoka upande wa sokoni, halafu kila nyumba inalichukua na kulipeleka mbele. Wenzangu wakatupa mafagio, wakavaa ndala zao mlangoni, wakakimbia. Bosi akachukua nondo nyuma ya mlango. Mimi nilijua. Sijui nilijuaje lakini nilijua ni nani.
Walikuwa wamemwangusha hapo penye genge la nyanya. Luka. Simu ya dada mmoja aliyekuwa anashuka kwenye bajaji, kweli alimpora, simu ilikuwa pale chini imevunjika kioo. Walikuwa wameshampiga. Alilala ubavu, uso umejaa damu na vumbi, hata jicho silioni liko wapi. Watu walikuwa wengi, na kwenye watu wengi nikawaona wetu. Mama Salma na jiwe. Baba Joha na mpini. Mzee Gideoni hakuwa na kitu mkononi ila alikuwa ametazama na hakusema neno. Tairi lilikuwa limeshaletwa, limeegemezwa kwenye meza ya nyanya.
Nilitaka kusema ni mdogo wangu. Mdomo ulifunguka, hakuna kilichotoka.
Halafu Luka akasogeza kichwa. Akasema, sio kwa nguvu, "Shikamoo, mama Salma."
Mama Salma akasema, "Marahaba."
Likamtoka kabla hajafikiri. Nilimwona ameshtuka mwenyewe. Jiwe bado liko juu, na ameshaitikia.
Luka akasogea kidogo, kama anatafuta kitu chini. "Shikamoo, baba Joha."
"Marahaba," baba Joha akasema, na akarudi nyuma hatua.
"Shikamoo, mzee Gideoni." Mzee Gideoni akaitikia huku analia.
Wale wageni waliotoka sokoni walikuwa wanauliza kwani mnamjua huyu? Mmoja akapiga teke, baba Joha akamzuia kwa mpini. Watu wakaanza kuangaliana. Kimya kikaingia. Nimeishi Kizota mwaka wa tatu, sijawahi kusikia kimya mchana.
Bosi akapita katikati na nondo yake. Akasimama juu ya Luka. Luka alikuwa amefumba macho. Akavuta pumzi puani, akasema, "Shikamoo, mzee Shaaban."
Bosi hakuitikia.
Nilihesabu moyoni nikaacha. Nondo ilikuwa imepanda mpaka usawa wa bega. Watu wote wanamwangalia yeye, na nikaona kwamba wataenda anakoenda yeye. Akipiga watapiga, hata mama Salma atapiga, ili ile marahaba yake ifutike.
Nikasema, "Mzee, umesalimiwa."
Sijui sauti ile ilitoka wapi. Ilikuwa kubwa, ilikuwa kama ya mtu mwingine. Bosi akageuka akaniangalia. Nikarudia. "Umesalimiwa, mzee. Itikia."
Alikaa vile. Halafu akasema, "Marahaba," kwa chini, kama mtu anayetema vumbi. Nondo ikashuka. Akasema kwa watu wote bila kumwangalia mtu, "Toeni hilo tairi hapa."
Pikapu ilikuwa na magunia ya mashudu. Tukamlaza juu yake. Bosi aliendesha mwenyewe mpaka hospitali.

Alhamisi, 15 Agosti
Yuko hai. Taya, mbavu, sikio la kushoto daktari anasema limekwisha. Kuna askari mlangoni.
Nimempigia mama. Nilimwambia yuko hospitali na yuko hai. Alisema rudia hilo la mwisho. Nikarudia.

Jumapili, 25 Agosti
Mama Swaumu amerudi kutoka msibani. Mtaa wote umemwendea kumpa habari, wanacheka, wanasema mjumbe, shikamoo yako imefanya kazi. Watu haohao. Mama Salma anasimulia kama yeye ndo aliyemwokoa Luka.
Jioni nilimkuta amekaa peke yake kwenye kigoda, beseni tupu miguuni. Nikamwambia ahsante. Akasema, "Damas, angekamatwa kule sokoni kwenyewe, asikojulikana na mtu, je?"
Akasema kesho anaenda kuongea na mjumbe wa sokoni. Akainuka kwa kushika magoti. Sikuwa nimeona kwamba ni mzee.

Ijumaa, 6 Septemba
Bosi hanitumi tena ghalani. Ananiita kwa jina, ananilipa, haniangalii. Na mimi simwangalii. Alimuua mtu, nadhani. Na alimpeleka mdogo wangu hospitali. Nimejaribu kuviweka pamoja hivi vitu viwili na sijaweza, nimechoka kujaribu.
Upepo umeanza kupungua. Magunia nayo.

Jumapili, 15 Septemba
Nimeenda mahabusu kumwona Luka. Nilienda na mama, ametoka Mlali na kuku wa kuchemsha, wakamkatalia kuku. Alimwona kwanza yeye, akatoka amefunika mdomo na kanga. Halafu mimi.
Amekonda na taya limekaa upande. Kesi itasikilizwa mwezi ujao, wanasema atafungwa, simu alipora kweli na yeye amekiri. Anageuza sikio la kulia mtu akiongea. Nilimwambia mtaani wanapita tena njia ya gereji. Nikamwambia Mudrick anabeba magunia kwetu mashineni, anaiba usingizi juu ya mashudu. Alicheka kidogo, akashika taya.
Nikamuuliza kitu ambacho kimenisumbua. Damu ilikuwa imejaa usoni, macho yamevimba, aliwajuaje wale watu mmoja mmoja?
Akasema, "Kwa viatu."
Akasema kijiweni alikuwa haangalii sura ya mtu, anaona aibu. Alikuwa anaamkia ameangalia chini. Kwa hiyo anaijua ndala ya mama Salma iliyofungwa waya, na viatu vya baba Joha vya kisigino kilicholika upande mmoja, na makubazi ya mzee Gideoni. Bosi hakumjua kwa viatu, alimjua kwa harufu ya mafuta. Akasema hakuwa anaomba wasimuue. Alijua ameshakufa. Aliona tu miguu anayoijua, akaamkia.
Halafu akasema, "Kulikuwa na mmoja pekupeku. Huyo ndo niliyemwogopa. Nikasema huyu ametoka mbio mpaka kaacha viatu, huyu ndo atanimaliza."
Siku ile tulikuwa tunaosha sakafu, na kwenye mafuta hatuvai viatu.
Nikamwambia, "Nilikuwa mimi, Luka."
Hakusikia. Akageuza lile sikio lingine. Nikasogea kwenye waya nikarudia, nilikuwa mimi.
Aliniangalia usoni muda mrefu. Sikumbuki kama aliwahi kuniangalia hivyo.
"Sasa si ungeongea, kaka," akasema.
"Niliongea."